Udongo wa nyuma ya shule: tenisi, ngoma na filimbi ni uleule wa chungu?

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Kasulu, Kigoma. Anasema nyuma ya shule kuna bonde lina udongo wa mfinyanzi wa kutosha, watoto wanafinyanga vyungu na ng'ombe lakini vikichomwa karibu vyote vinapasuka. Halafu kwenye TV kasikia tenisi inachezwa "kwenye udongo", na mwenzake kamwambia kuna nchi wanapiga ngoma za udongo. Sasa anauliza ni udongo huuhuu au ni kitu kingine, na darasa lake la michezo na sanaa linaweza kuutumia kwa nini zaidi ya chungu.

Mwalimu, habari za Kasulu. Swali lako nimelisoma mara mbili na nimefurahi kweli, maana hapa Tabora nimefinyanga miaka mingi na watu wakinifuata huwa wanauliza bei ya mtungi basi, wewe umeuliza kuhusu udongo wenyewe. Nitakujibu kwa kirefu, ukichoka pumzika uendelee kesho.

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujauliza udongo unafaa kazi gani uliza umepita kwenye moto au haujapita, hapo ndo kila kitu kinapoanzia, iwe mchezo iwe muziki iwe chungu. Udongo wa mfinyanzi ni chembe ndogo mno, chini ya milimita 0.002, na zina umbo bapa, yaani zimelaliana kama karata. Ukiweka maji karata zinateleza moja juu ya nyingine, ndo maana unafinyangika. Maji yakitoka karata zinasogeleana, kitu kinasinyaa na kukaza, lakini ukikimwagia maji tena kinarudi kuwa tope kama hakijawahi kufinyangwa. Ila ukikipeleka kwenye moto kikapita kama nyuzi joto 600 hivi, yale maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe nayo yanaondoka, na hapo hakirudi tena, hata ukikilaza mtoni mwaka mzima. Wanafunzi wako hili wanalijua bila kuambiwa, si wameona nyumba ya tofali mbichi inavyoliwa na mvua kule chini na ya tofali za kuchoma ilivyokaa palepale.

Sasa tenisi. Ile nyekundu unayoiona kwenye TV pale Roland Garros, Paris, inaitwa udongo lakini kinachoonekana juu ni tofali za kuchoma zilizosagwa! Ni vumbi la tofali, unene wake milimita 1 mpaka 2 tu, chini yake kuna mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, chini zaidi masalia ya makaa ya mawe, halafu mawe makubwa ya kupitisha maji. Kwa hiyo ni udongo ulioshaonja moto. Na ndo maana wanaweza kumwagia maji kila siku bila uwanja kugeuka tope, vumbi la tofali linanyonya maji na kuyaachia lakini halilainiki. Mpira ukigonga pale unakwaruzana na vumbi unapungua mwendo halafu unaruka juu, mchezaji anapata muda wa kuufikia, anateleza na miguu, pointi moja inaweza kwenda mpaka watu wanashika vichwa. Rafael Nadal kachukua ubingwa pale mara 14, na wale mabingwa waliozoea pointi za haraka wengi walikuwa wanateseka kwenye uwanja huo. Tena mpira unaacha alama, kukiwa na ubishi mwamuzi anashuka kwenye kiti chake anaenda kuangalia alama kwenye vumbi.

Nimepiga hesabu kwa ajili yako. Uwanja mzima wa tenisi pamoja na nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni ni kama mita 36.6 kwa 18.3, ukitandaza milimita 2 unahitaji kama mita za ujazo 1.3 za vumbi la tofali. Hiyo ni tani moja na nusu mpaka mbili, na ukienda kwenye tanuri lolote la matofali utakuta mabovu yaliyopasuka yametupwa tu pembeni, wenye nayo wanakuachia bure au kwa bei ya soda. Kazi kubwa ni kuyatwanga na kuchekecha, na kazi kubwa zaidi ni kutengeneza chini pawe pagumu na pawe na mteremko mdogo wa kutoa maji, bila hivyo mvua zenu za Kigoma zitabeba vumbi lote wiki ya kwanza.

Ila kwa shule mi ningekushauri njia nyingine ambayo kwetu Tabora ndo tumejaliwa, na hata Kasulu mnayo, udongo wa kichuguu. Mchwa wanapandisha chembe laini kutoka chini kabisa na kuzigandisha kwa mate yao, ukiuponda ukauchekecha ukaulowesha kidogo na kuushindilia unakuwa mgumu karibu kama sakafu ya simenti. Bibi zetu wamesakafia nyumba na viwanja vya kupuria mahindi kwa udongo huo tangu zamani. Sasa sikia hii, Australia nako wana vichuguu, na zamani vijijini huko watu walikuwa wanaponda vichuguu kutengeneza viwanja vya tenisi, lilikuwa jambo la kawaida kwao. Rod Laver, yule aliyechukua mashindano makubwa yote manne ndani ya mwaka mmoja, na akafanya hivyo mara mbili, 1962 na 1969, alijifunza kucheza kwenye uwanja wa udongo wa kichuguu nyumbani kwao Queensland. Kwa hiyo mtoto wa Kasulu au Sikonge anayecheza kwenye udongo wa kichuguu anacheza kwenye uwanja wa aina ileile. Anza na uwanja wa netiboli au wavu, ponda, chekecha, tandaza tabaka jembamba la sentimita 3, lowesha, vingirisha pipa lililojazwa maji juu yake, acha likauke nusu, tandaza tabaka la pili. Usitandaze sentimita 10 kwa mara moja, litapasuka vipande kama bwawa lililokauka. Na vichuguu vitafute vile vilivyokufa, au chukua pembeni uache katikati.

Huo sasa ni udongo mbichi, haujaenda kwenye moto, na kuna michezo inataka mbichi hasa. Sumo ya Japani, wale majitu wanaosukumana, wanapigana juu ya jukwaa la udongo ulioshindiliwa, duara lenyewe lina kipenyo cha mita 4.55, na jukwaa linajengwa upya kwa ajili ya mashindano. India kuna mieleka ya jadi inaitwa kushti, wao wanataka udongo laini, wanauchimba na kuuchanganya na mafuta, maziwa ya mgando na manjano, mtu akiangushwa asiumie. Angalia tofauti hapo, huyu anataka mgumu huyu anataka laini, na wote hawachomi.

Halafu kuna ile ya kulenga shabaha kwa bunduki, kisahani kinarushwa hewani mtu anakipasua, ipo hadi Olimpiki. Zamani walikuwa wanarusha njiwa hai, mwaka 1880 Mmarekani George Ligowsky akatengeneza kisahani cha udongo kikachukua nafasi ya njiwa. Siku hizi jina limebaki la udongo lakini chenyewe ni lami na unga wa chokaa, kipenyo milimita 110, uzito gramu 105 hivi. Walibadilisha kwa sababu cha udongo kikichomwa sana kinakuwa kigumu risasi haikivunji vizuri, kikichomwa kidogo kinavunjika njiani. Watoto wetu wa manati wanalijua hilo siku nyingi, gololi ya manati wanaifinyanga na kuianika juani tu, hawaichomi. Nakuomba tu uwawekee kopo la kulenga, ndege waachwe.

Sasa tuje kwenye muziki, hapa mwalimu ndo moyo wangu ulipo.

Chungu ni ala kabla hujakifanya chochote. Chukua mtungi mtupu, uinamie mdomo wake uimbe ndani kwa sauti nzito, ukipanda na kushuka utafika sauti moja mtungi wenyewe utaitika. Hewa ya ndani inafanya kazi kama springi, inabanwa na kuachiwa pale mdomoni, na kila mtungi una sauti yake kulingana na ukubwa wa tumbo na upana wa mdomo. Tumbo kubwa mdomo mwembamba, sauti nzito. Ndo siri yote, iliyobaki ni ufundi. Waigbo wa Nigeria wana udu, mtungi wenye shingo umetobolewa tundu la pili ubavuni, kwa asili ni ala ya wanawake, unapiga kiganja kwenye tundu na kukiachia unasikia "buum" inayozama chini kabisa, na ukifunika shingo nusu kwa mkono mwingine sauti inapanda na kushuka kama mtu anaongea. India ya kusini wana ghatam, chungu kisicho na ngozi wala tundu la pembeni, mpigaji anakikumbatia mdomo ukielekea tumboni kwake na kukipiga kwa vidole, na kuna mafundi wanaochanganya chembe za madini kwenye udongo ili kilie kama chuma. Waarabu wa Misri wana darabuka, hiyo ina umbo la bilauri kubwa, juu inawambwa ngozi.

Sisi ngoma zetu za Unyamwezi na Buha ni za magogo na sitaki mtu aziache, lakini gogo zuri linataka mti mkubwa na miti mikubwa inazidi kuwa mbali, wakati udongo uko nyuma ya darasa lako. Kwa darasa anza na udu. Finyanga chungu chenye tumbo la ukubwa wa mpira na shingo ya kuingia ngumi ya mtoto, unene wa ukuta uwe sawa kotekote, milimita 7 au 8, usawa ni muhimu kuliko wembamba. Kiache mpaka kikaze, yaani hakibonyei ukikishika lakini kucha bado inaacha alama, hapo ndo utoboe tundu la ubavuni kwa kisu chembamba, dogo kuliko kiganja ili kiganja kiweze kulifunika lote. Lainisha kingo kwa kidole chenye maji. Halafu kisugue chote kwa kijiwe laini cha mtoni mpaka king'ae, kule kusugua kunalaza zile karata zote upande mmoja na ngozi ya chungu inafunga.

Filimbi ni ndogo zaidi na watoto wanaipenda kupita kiasi. Kuna moja ya Italia inaitwa okarina, Giuseppe Donati wa mji wa Budrio ndo aliitengeneza kwa umbo la kisasa mwaka 1853, lakini filimbi za udongo ni za kale sana, China na kwa watu wa asili wa Amerika zilikuwepo maelfu ya miaka. Unafinyanga vibakuli viwili vya ukubwa wa nusu yai la bata, unakwaruza kingo, unapaka uji wa udongo, unaviunganisha. Vikikaza kidogo unaingiza kijiti bapa kama cha aiskrimu kutengeneza njia ya pumzi, unakata kadirisha ka mraba pale njia inapotokea ndani, na ukingo wa mbali wa kadirisha unauchonga uwe mkali kama kisu ukikabili pumzi. Yote iko kwenye ukingo huo. Ijaribu ikiwa bado mbichi, kama hailii ikiwa mbichi haitalia ikichomwa, usidanganyike. Ikishalia ndo utoboe matundu ya vidole, na tofauti na filimbi ya mwanzi, hapa mahali tundu lilipo si shida sana, kinachobadilisha sauti ni ukubwa wa matundu yaliyo wazi kwa jumla. Jua pia ikikauka na kuchomwa inasinyaa na sauti inapanda kidogo, kwa hiyo kama unataka filimbi mbili zilingane, zifinyange siku moja, udongo mmoja, uzichome tanuri moja.

Kwenye sanaa na kazi za mikono sitakaa sana maana mengi unayaona mwenyewe. Ila waambie watoto kwamba mkoa wao una historia kubwa, Uvinza hapo chini yenu watu wamekuwa wakichemsha maji ya chumvi tangu kama karne ya 5 au ya 6, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mashimo yaliyosilibwa kwa udongo wa mfinyanzi na vigae vya vyungu vingi. Bila chungu chumvi ile isingepatikana. Na waonyeshe penseli waliyoshika, ule wino mweusi wa ndani ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, ni njia ya Mfaransa Conté ya mwaka 1795, udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na maandishi yanafifia. Mtungi wa maji nao usimdanganye mtoto kwamba unapoza kwa uchawi, haujachomwa sana kwa hiyo una vitundu, maji yanatoka jasho nje yanakauka na kuondoka na joto. Ndo maana mtungi mzuri wa maji unaweza kuwa na mlio mfifi kuliko ngoma, kila kimoja na moto wake.

Sasa kupasuka. Vipande vyenyewe vitakwambia tatizo. Kama vinalipuka mapema, dakika za mwanzo za moto, na vipande ni kama magamba, ni maji. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo, na ukuta wa chungu hauna nafasi hiyo. Watu wanasema ni hewa iliyobaki ndani, hewa peke yake haina ugomvi, ni unyevu. Mi mwenyewe nikiwa kijana nilipata oda ya vyungu 40 wakati wa masika, nikavikausha siku nne nikaona juu vimekuwa vyeupe nikajua tayari, nikawasha, nilisikia vinalia "paa paa" kama bisi na asubuhi vilikuwa vimebaki tisa. Niliumia sana. Tangu siku hiyo kipimo changu ni shavu, bandika chungu kwenye shavu, ukisikia ubaridi maji bado yapo. Kausha kivulini, si juani, wiki mbili mpaka tatu, masika ongeza. Siku ya kuchoma vipange kwanza kuuzunguka moto mdogo, ukivigeuza, kwa muda wa saa mbili au tatu mpaka visishikike kwa mkono, ndo uvifunike kuni, magome na nyasi.

Kama ufa ni mmoja mrefu kutoka mdomoni, ama kilikauka kwa kukosa usawa, mdomo umekauka kitako bado, ama kilipozwa ghafla. Usifunue tanuri kwa sababu watoto wana hamu ya kuona, acha mpaka kesho yake asubuhi. Na kama vinatoka vizima halafu baada ya siku kadhaa vinabanduka vidoa na ndani ya kidoa kuna kijiwe cheupe, udongo wenu una chokaa, hapo inabidi kuuchekecha ukiwa uji kwa wavu mwembamba au kutafuta shimo jingine.

Ila kwa ulivyoelezea, vinapasuka karibu vyote, mi nahisi udongo wenu una mafuta sana, yaani ni mfinyanzi mtupu bila kitu cha kuulegeza. Fanya hivi. Viringisha kamba nene kama penseli uizungushe kidoleni, isipopasuka hata kidogo basi unanata vizuri. Halafu tengeneza mche bapa wa udongo kama wa sabuni, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, uache ukauke kabisa kivulini, upime tena. Ukikuta sentimita 9.5 uko salama. Ukikuta 9 au chini ya hapo unasinyaa mno, ponda vile vyungu vyenu vilivyopasuka viwe chenga kama sukari, changanya kipimo kimoja cha chenga kwa vinne vya udongo, ukandwe vizuri, ulale chini ya gunia bichi wiki mbili. Vigae vimeshasinyaa tayari kwenye moto, havisinyai tena, kwa hiyo vinaushikilia udongo mwingine. Kwa hiyo hivyo vilivyopasuka usivitupe hata kimoja.

Mambo matatu nakusihi kama mzazi. Watoto wasichimbe kwa kuingia chini ya ukingo wa shimo, udongo wa bondeni unaporomoka bila kutoa taarifa, wachimbe kutoka juu wakishuka kwa ngazi na mtu mzima awepo. Na vumbi la udongo mkavu na la tofali lisifagiliwe kavukavu, linaingia kwenye mapafu na halitoki, mwagieni maji kwanza, hata kutwanga tofali zitwangwe zikiwa na unyevu na watu wafunge vitambaa puani. Halafu chombo cha kulia chakula msikipake rangi yoyote ya dukani wala unga wa betri kama nilivyoona wengine wanafanya, huenda kuna madini ya risasi humo, ni sumu, na watoto ndo inawaathiri zaidi.

Anza na huo mche wa sentimita 10 wiki hii, tengeneza mitatu, mmoja kutoka juu ya shimo, mmoja katikati, mmoja chini kabisa maana udongo wa shimo moja haufanani. Ikikauka niandikie vipimo vyote vitatu pamoja na rangi yake, nikuambie upi wa ngoma, upi wa mtungi, na upi uende uwanjani.